Taa ya Kushoto

Malori mengi yanayopita Tabora yana maneno nyuma. Moja linamshukuru Mungu, jingine linawaambia wenye wivu wajinyonge, jingine linamsema mwanamke fulani ambaye bila shaka akiliona anajijua. Lori la Dereva lilikuwa na maneno mawili tu, ya rangi nyeupe juu ya ubao mweusi: ANGALIA MWENYEWE. Fundi wa mtaa wetu wa Ng'ambo aliyeyachora alidhani mteja wake bado hajamaliza.

"Aangalie nini, mzee?" aliuliza, brashi mkononi.

"Barabara."

"Basi niongeze na barabara?"

"Asiyejua kwamba ni barabara, hata ukiongeza haitamsaidia."

Mwenye lori, bwana mmoja wa Kiarabu aliyekuwa na duka la jumla karibu na soko, hakuyapenda maneno yale. Yeye alitaka dua. Alisema watu watadhani ana kiburi. Dereva akamwambia, kwa heshima zote, "Dua iweke mbele, bwana, itufungulie njia. Nyuma niachie mimi. Nyuma ndiko wanakofia watu." Bwana yule akaguna, akaenda zake, na maneno yakabaki mpaka lori lenyewe lilipochoka.

Mtaani tulimwita Dereva, ingawa madereva Ng'ambo ni wengi kama kuku. Ukimwambia mtoto kamwite Dereva, alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mlango wa buluu bila kuuliza yupi. Nimeishi ukuta kwa ukuta na mtu huyo tangu naolewa mpaka nywele zangu zilipogeuka rangi, na ninaandika habari zake kwa sababu ya neno moja dogo ambalo bintiye alilisubiri miaka mingi, na baba yake alilishindwa.

Mimi nauza asali. Naifuata Ipole kwa wafuga nyuki, naileta nyumbani, naichuja, naitia kwenye chupa. Mume wangu alipofariki aliniachia kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na shemeji zangu wakashauri kiuzwe kwa kuwa mwanamke wa umri wangu hafundishiki usukani. Nilikasirika. Hasira ndiyo iliyonipeleka kwenye mlango wa buluu.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, Mama Asali. Karibu chai."

"Chai baadaye. Nataka kujua kuendesha."

"Uende wapi?"

"Ipole, kwa wenye nyuki."

Akaweka kikombe chini. "Njia ile ina malori. Kuendesha utafundishwa na yeyote. Mimi nitakufundisha malori."

Somo la kwanza halikuwa na kirikuu. Alinipandisha kwenye kiti chake, juu kabisa, mahali ambapo unaona mapaa ya nyumba na kujiona umekuwa mtu mkubwa. Akaniambia nitulie. Kisha akashuka, akaingia kwangu bila hodi, akatoka na ndoo zangu za asali, akazipanga kuzunguka lori: hii ubavuni, hii nyuma ya tela, hii mbele chini ya pua. Nilimwona akiinama, kisha sikumwona tena. Akapanda upande wa pili, akaniuliza ziko wapi ndoo zangu. Nikatazama kioo cha kulia, kioo cha kushoto, nikainuka nikachungulia mbele. Hakuna ndoo. Ndipo yeye akanyoosha mkono na kuwasha injini.

Nilipiga kelele ambazo mtaa mzima ulizisikia. Asali ile ilikuwa ya msimu mzima. Akaizima injini, akanitazama bila kucheka. "Sasa umejua. Dereva wa lori hana ubaya na wewe. Hakuoni tu." Akanipeleka nyuma kwa miguu, akaniweka mahali ambapo uso wake, alipopanda tena, ulitokea kwenye kioo cha pembeni. "Unaniona?" aliuliza. Nikasema namwona. "Basi nami nakuona. Ukiwa nyuma ya lori, tafuta uso wa dereva kwenye kioo chake. Ukiuona, anakuona. Usipouona, kwake yeye hupo duniani, rudi nyuma mpaka uwepo."

Tangu siku hiyo, kila nikiwa nyuma ya lori natafuta uso kwenye kioo. Nyuso nyingi nimeziona, nyingine zinatafuna muwa, nyingine zinaimba, moja ilikuwa inalia. Nikishauona uso napumua.

Alikuwa na maneno yake, na hakuyatoa kama hekima, aliyatoa kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Nikilikaribia lori mno alisema, "Mbona unamnusa?" Nikitaka kuchomeka kirikuu changu mbele ya lori lenye mzigo kwa kuwa nimeona nafasi, alinigonga bega. "Nafasi ile ndiyo breki yake. Umeikalia." Alinionya kwamba lori refu likitaka kukunja kulia huanza kwa kwenda kushoto, na kwamba wenye bodaboda huliona pengo wakadhani wamepishwa. "Halijakupisha. Linavuta pumzi." Na njia ya Ipole ilipokuwa bado ya vumbi, tukikuta lori limetangulia na wingu lake jekundu limeifunika barabara, aliniamuru nisimame pembeni, nizime gari, nitoe chupa ya chai. "Tunywe. Vumbi nalo huchoka." Tumekunywa chai nyingi pembeni mwa misitu ile, tukitazama nyuki wakija kuonja midomo ya vikombe.

Lami ilipofika nilidhani atafurahi. Alisema, "Vumbi limeondoka. Malori yapo."

Sasa msinielewe vibaya mkadhani alikuwa mtu wa subira. Subira yake yote aliitumia barabarani, nyumbani hakubakiza hata punje. Chai aliinywa ikiwa moto mpaka ulimi ukababuka, kisha akailaumu chai. Kwa kinyozi aliwahi kuondoka nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa, kwa kuwa kinyozi alisimama kusalimiana na mpita njia. Mtu huyo aliyepitisha tela lenye marobota ya tumbaku kwenye madaraja membamba aliogopa baiskeli. Akiiona baiskeli inakuja alijibana ukutani na kushika kofia. Na kuendeshwa hakuweza kabisa. Akiwa abiria kwenye kirikuu changu alikanyaga breki isiyokuwepo, safari nzima, mpaka kisigino chake kikatoboa mkeka wa plastiki upande ule. Mafundi wameniambia mara nyingi wanibadilishie mkeka. Nimekataa.

Alikuwa mkarimu wa vitu. Jeki yake ilitembea mtaa mzima ikarudi ikiwa na udongo wa nyumba za watu. Maji yake, mkate wake, nguo zake za joto, vyote ukiomba unapewa. Kitu kimoja tu hukupata kwake, nacho ni ruhusa. Mtu akimwendea kumuuliza, Dereva, kiwanja hiki ninunue? Dereva, mwanangu nimpeleke seminari? Dereva, nihame? Jibu lilikuwa lile la nyuma ya lori. Angalia mwenyewe. Wengine walimwona mchoyo wa maneno, wengine wakamwona ana majivuno. Mimi nilimwona mkaidi, nikamwambia hivyo usoni kwake, akaniongezea chai.

Barabarani ilikuwa mbaya zaidi. Asiyesafiri njia zetu huenda hajui adabu ya malori. Lori liko mbele yako, refu, huoni kitu. Dereva wake yuko juu, yeye anaona. Basi hukusaidia: akiwasha taa ya kulia anakwambia subiri, kuna kitu kinakuja, akiwasha ya kushoto anakwambia mbele kweupe, pita. Unapita, unampigia honi ndogo ya asante, yeye anakujibu, mnaachana kama ndugu. Hakuna askari aliyeifundisha. Watu wamefundishana wenyewe. Dereva alikuwa akisema ilitoka kwa wapagazi wa zamani, waliopita hapa Unyanyembe na pembe na vitambaa vichwani, mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia ya upana wa mguu. Wa mbele akiona shimo hutamka shimo, wa nyuma yake hurudia, na neno husafiri mpaka kwa wa mwisho. "Ila wale walikuwa wanatembea," aliongeza kila mara, na hakueleza zaidi.

Adabu hiyo yeye hakuifuata. Magari madogo yalimfuata nyuma maili na maili yakisubiri awashe kushoto, naye hakuwasha kushoto wala kulia. Alichofanya ni kusogea pembeni kabisa palipokuwa na nafasi, kupunguza mwendo, na kuacha mtu aone mwenyewe. Walimpigia honi za matusi. Wengine walipompita walitoa mkono dirishani na kumwonyesha mambo ambayo sitayaandika. Madereva wenzake walikuwa na utani wao, kwamba ukimkuta wa Ng'ambo mbele yako, egesha gari upike. Alicheka nao. Nilikuwa sijui bado kwamba kicheko kile kilikuwa cha mtu anayefunika kidonda na shati.

Na alikuwa na msemo mmoja mwingine. Kwenye sherehe, wageni wakizidi chakula, akina mama wakianza kunong'onezana jikoni, Dereva alipita na sahani yake akasema, "Ndivyo ilivyo. Niliwasha kwa mmoja, wakaja wawili." Watu walikufa kwa kucheka. Msemo ukaenea Ng'ambo nzima. Hata leo kuna wanaousema wakiona mgeni amekuja na rafiki yake. Mimi pia niliusema, kwenye maulidi nyumbani kwangu, na yeye akiwepo.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti. Mama yake binti alifariki mapema, na mimi nikawa namsuka nywele na kumfundisha kuchuja asali. Alikuwa msichana wa maneno machache, na alimpenda baba yake kwa macho. Lori likisikika linaingia mtaani aliacha kila kitu akasimama mlangoni. Alipokua akapata mchumba, kijana mkulima kutoka Usinge, Mkatoliki kama wao, mwenye mashamba pembezoni mwa msitu. Wazee wakaja. Posa ikaenda vizuri. Mwishoni mshenga akamgeukia Dereva, akamuuliza kama ilivyo desturi, "Baba, binti unamruhusu?"

Dereva akasema, "Aangalie mwenyewe."

Mjomba mmoja akakohoa, akatoa mzaha, akasema huo ndio ukubali wa watu wa malori, na mazungumzo yakaendelea. Lakini binti alikuwa nyuma ya pazia na mimi, na nilimwona akikunja kanga yake, akiikunjua, akiikunja.

Siku ya kuondoka alipiga magoti mbele ya baba yake. Kwetu hapa, Mkristo au Muislamu, Mnyamwezi au Mwarabu, mzazi humwekea binti mkono kichwani, akamwambia, nenda mwanangu. Mengine ni mapambo. Neno lenyewe ni hilo moja. Dereva aliweka mkono. Midomo ikatikisika. Tulisubiri. Gari la harusi lilikuwa linanguruma nje na shangazi mmoja alikuwa tayari ameanza vigelegele, akavikata katikati. Neno halikuja. Binti akainuka mwenyewe, akajipangusa magoti, akatoka.

Toka hapo alikuwa mtoto wa simu. Sikukuu alipiga. Hujambo baba, sijambo, watoto hawajambo, mvua imenyesha, haya. Alikuja mara chache, akakaa kama mgeni, akaondoka bila kuaga rasmi ili asimtie baba yake katika mtihani ule tena. Aliniambia siku moja, tukichambua dagaa, "Baba hakutaka niolewe. Angesema tu. Ningekaa." Nikamwambia sivyo. Akaniuliza kama sivyo ni vipi, nami nikaendelea kuchambua dagaa.

Jibu nililipata njia ya Ipole, tukirudi na asali, miaka baada ya hapo. Dereva alikwisha kustaafu, akawa ananisindikiza kwa sababu nyumbani palimchosha. Mbele yetu kulikuwa na lori lenye tela, na dereva wake muungwana akawasha taa ya kushoto. Nikashika gia.

"Katuruhusu. Niende?"

Nilipomtazama alikuwa anatazama nyuma yetu, kwenye kioo. Kulikuwa na gari dogo jeupe limetuganda. "Ukienda," akasema, "huyo atakufuata. Ataiona taa ile ile. Simama pembeni, Mama Asali. Tafadhali." Sikuwahi kumsikia akisema tafadhali. Nikasimama. Gari jeupe likatupita, likasubiri, likaona lenyewe, likapita salama. Mguu wa Dereva ulikuwa bado umekanyaga breki yake ya kufikirika.

Ndipo akanieleza, akitazama mbele muda wote.

"Ilikuwa njia hii hii, ya vumbi. Binti yangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nyuma yangu nikaona taa za gari moja. Mbele kweupe. Nikawasha kushoto, akapita, akanipigia honi ya asante. Nikafurahi. Unajua mtu anavyofurahi akimfanyia mwenzake wema mdogo? Nilikuwa bado nafurahi nilipomwona wa pili."

Nikamuuliza wa pili yupi.

"Alikuwa ndani ya vumbi la yule wa kwanza. Mimi sikumwona. Yeye aliiona taa yangu, akadhani naye kaambiwa. Na mbele sasa kulikuwa na lori linakuja." Akavua kofia. "Mtu na mkewe. Mama alikuwa na kapu la mayai limefunikwa kanga. Kapu halikupata kitu. Mayai yote mazima, Mama Asali. Nilisimama katikati ya barabara nimelishika, sijui nimpe nani."

Nilizima injini.

"Polisi walisema una kosa?"

"Walisema sina. Watu walisema sina. Mimi pia nilijiambia sina. Lakini halikuondoka." Akajifuta uso kwa kofia. "Nilikwenda msibani kwao. Nikakaa nyuma. Walidhani mimi ni jamaa wa upande wa mke. Wakaniletea maji ya kunawa, wakaniletea ugali. Nikala. Kusema mimi ni nani nilishindwa, na kukataa chakula chao nilishindwa."

Niliikumbuka maulidi yangu. Niliikumbuka sahani yake na kicheko cha jikoni. Niliwasha kwa mmoja, wakaja wawili. Alikuwa akitusimulia miaka yote hiyo, na sisi tulikuwa tunampigia makofi.

"Na binti?" nikamuuliza.

"Binti alipiga magoti akaniomba nimwashie." Sauti yake ikapungua. "Nikatazama mbele nikaona vumbi tupu. Ningemwambia nenda, halafu?"

"Mwambie hayo uliyoniambia mimi."

"Nimwambie ili anihurumie? Ana watoto, ana shamba. Mwache aniudhikie. Aliyeudhika na mtu huendesha kwa makini."

Nikamwambia huo ni ujinga. Akasema huenda. Tukakaa pale mpaka nyuki wakaanza kuja kwenye ndoo, halafu nikawasha gari, tukarudi nyumbani taratibu, na kila aliyetaka kutupita alitupita.

Kisukari kikamla macho. Kwanza aliacha kuona maandishi, kisha nyuso, kisha hata mchana. Akawa anakaa barazani kwake akisikiliza malori yanayoingia upande wa soko. "Lile tela tupu, sikia linavyochezacheza. Lile lina mzigo mzito na breki za nyuma zinalia, mwambieni huyo kijana." Watoto walikimbia kwenda kumwambia huyo kijana. Wakati mwingine alinyoosha mkono hewani mahali ambapo kwenye lori pangekuwa na kile kijiti cha indiketa, akakigusa, akaurudisha mkono mapajani. Nilijifanya sioni, jambo lisilo na maana mbele ya kipofu.

Mguu ukaanza kuoza. Hospitali wakamlaza, wakamrudisha, wakatuambia tumtunze. Nilikaa naye siku moja nikimkanda mgongo, akaniuliza kama binti amepiga simu. Nikasema hajapiga. Akasema, "Msimu wa tumbaku. Wako na mabani." Hizo ni nyumba za kukaushia tumbaku, zenye moto usiotakiwa kuzimika wala kuzidi. Alisema hivyo kumtetea, na mdomo wake ulikuwa umepinda kwa uchungu. Nilitoka nje, nikasimama kwenye jua, nikampigia Usinge. Nilimweleza yote: vumbi, honi ya asante, kapu la mayai, ugali wa msibani. Ruhusa sikuomba. Asingenipa.

Kuni alizokuwa akizichochea zikaacha kulia.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa gari la pili," akasema.

"Hapana, mwanangu. Wewe ndiye ambaye baba yako aliogopa kumwashia."

Nilimsikia akimwita mtu, akimwambia aangalie moto. Kesho yake nilimpokea stendi na kirikuu. Alikuwa amekuwa mama mzima, mikono imepasuka, nguo inanuka moshi wa tumbaku. Akaketi kiti cha abiria, kisigino chake kikaingia kwenye tundu la mkeka, akatazama chini.

"Hili ni nini?"

"Baba yako alikuwa akifunga breki."

Akaanza kucheka, akalia akiwa bado anacheka, na mimi nikaendesha polepole kuliko kila mtu, nikamwacha amalize kabla hatujafika kwenye mlango wa buluu.

Alikaa siku kadhaa. Alimwosha, akamlisha, akamnyoa, na kwa mara ya kwanza Dereva akatulia kunyolewa. Habari ya barabara hawakuizungumza. Nilitamani waizungumze, nikapitapita na vikombe ili niwape nafasi, mwisho binti akaniambia, "Mama, kaa chini, unatuchosha." Usiku nilisikia ukutani sauti zao, yake ya chini na ya baba yake ya chini zaidi, lakini ilikuwa habari ya mahindi.

Kisha mumewe akapiga simu. Bani moja moto ulizidi, tumbaku imeungua upande, na yeye yuko peke yake. Binti aliosha vyombo vyote vya nyumba, hata visafi. Nilijua anachokipima. Akiondoka, anaweza asimkute. Akibaki, jasho la mwaka mzima la watoto wake linageuka majivu. Na kumuuliza baba hakuweza. Alikwisha kuuliza mara moja maishani.

Asubuhi alifunga furushi lake, akaliweka mlangoni, akarudi, akasimama katikati ya chumba. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji. Dereva aligeuza kichwa chake upande wetu, upande ulioko mlango.

"Umefunga mzigo," akasema.

"Nimefunga, baba. Lakini naweza kufungua."

Lori lilipita mbali kule sokoni, lenye mzigo, nikamsubiri alitaje, hakulitaja.

"Sogea kidogo. Hapo. Unaniona?"

Binti akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Macho yale yalikuwa meupe kabisa.

"Nakuona, baba."

"Basi nami nakuona," akasema Dereva. Akatoa mkono kwenye shuka, ukatafuta hewani. Binti akapiga magoti, akakiingiza kichwa chake chini ya mkono ule, kilemba na vyote. Midomo ilitikisika kama siku ile. Nilishika beseni kwa nguvu, maji yakanimwagikia miguuni, sikuthubutu kusogea.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda."

Nilimpeleka stendi. Njiani aliukanyaga mkeka kwa kisigino. Basi lilipoondoka alitoa mkono dirishani, akaupunga, na nikalitazama mpaka likakunja.

Alikuwa amefika Kaliua, anasubiri usafiri wa kumfikisha Usinge, nilipompigia kumwambia. Baba yake alikuwa ameomba chai, akaionja, akasema ni ya moto sana, tuisubiri ipoe. Hakuwahi kusema hivyo juu ya chai. Niliigeukia kuipepea, na nilipomrudia alikuwa ameondoka.

Binti alirudi siku ya mazishi akiwa na moshi ule ule kwenye nguo. Jikoni wanawake walikuwa wakisema, si kwa sauti ya chini sana, mtoto gani huyo anayemwacha baba yake kitandani akakimbilia tumbaku. Mimi nilikuwa nimekwisha kuufungua mdomo wangu, na wanaonijua wanajua ungetoka moto. Yeye akanishika mkono. Aliendelea kupepeta mchele, akaondoa kijiwe kimoja, akakitupa nje, kisha akawajibu bila hasira.

"Baba aliniambia nenda," akasema. "Ningebakije?"